Kidole cha Kuazima

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutosha kiganjani, na ilikaa juu ya meza ya wakala wa laini za simu chini ya mwavuli uliopauka. Aliyetaka laini aliweka kidole pale, mashine ikamtambua kuwa ni nani, ndipo akapewa namba. Wakubwa walisema hivyo ndivyo wahalifu watakavyokomeshwa. Fundi mwashi akaweka dole gumba, mashine ikakoroma. Akaweka kidole kingine, ikakoroma. Akavifuta kwenye suruali, akavipuliza, akaviweka vyote kwa zamu, na mashine ikakataa katakata kwamba mtu huyo amewahi kuzaliwa.

"Fundi, saruji imekula alama zote," wakala akamwambia. "Hivi si vidole tena, ni vijiti. Niletee mtu mwenye vidole."

Fundi akamleta dada yake.

Dada alikuwa msusi. Mikono yake ilishinda kwenye mafuta ya nywele kutwa nzima, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimejaa, mistari yote ipo mahali pake. Aliweka kidole mara moja tu, mashine ikalia vizuri, taa ya kijani ikawaka. Wakala akamsifu mbele za watu. Mdogo wake akapata laini, na msusi akarudi mbio kumalizia kichwa alichokiacha nusu.

Habari za kidole chake zikafika nyumbani kabla yake. Nyumba waliyopanga ilikuwa ya vyumba vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja na midomo mingi. Dobi wa chumba cha pili alikuwa amefua nguo za watu tangu ujana, na sabuni ilikuwa imemlamba vidole hata kushika kikombe cha chai kulimsumbua. Bibi muuza mkaa naye, uzee ulikuwa umefuta kile ambacho mkaa ulibakiza. Hao wote walitaka simu, na mashine haikuwataka.

"Dada, nisaidie kidole."

"Kidole tu? Twende."

Kampuni za simu zilikuwa kadhaa, na kila moja ilimruhusu mtu laini zaidi ya moja, kwa hiyo kidole kilitosha watu. Wakambandika jina, Dada Dole, naye akalipenda. Wako wanaojulikana kwa ukali na wako wanaojulikana kwa umbeya. Yeye alijulikana kwa kidole, na asikudanganye mtu kwamba hakuvimba kichwa. Alipopita uani watu walimwachia kigoda. Wema ni mtamu hasa ukiwa haukugharimu kitu.

Mmoja tu ndiye hakufurahi. Alikuwa mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, mpangaji wa chumba cha karibu na lango, mtu wa kunyoosha suruali hata kama hatoki.

"Msusi, kidole hakiazimwi kama kijiko," alimwambia siku moja mbele ya dobi. "Laini ikifanya uovu, sheria haiulizi nani alikuwa akiongea. Inauliza nani aliweka kidole."

"Mzee wangu, kijiko nikikuazima unanirudishia na masizi," msusi akajibu. "Kidole changu narudi nacho mwenyewe."

Dobi akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee hakucheka. Akainuka, akajikung'uta suruali, akaingia chumbani kwake.

Sasa huyu mdogo wake, fundi mwashi. Mama yao alifariki wakati fundi bado anang'oa meno ya utoto, na dada ndiye aliyemlea: alimwogesha, alimsomesha mpaka alipogoma mwenyewe, alimtafutia fundi wa kumfunza uashi. Hakuolewa. Waliokuja kumposa walimkuta na mtoto asiyekuwa wake na hawakurudi. Kwa hiyo ukimwambia neno juu ya mdogo wake, hata la kweli, alikununia wiki nzima. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo aliijua na alikuwa akiwaambia wengine.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo muuguzi wa hospitali kubwa, binti mrefu, mcheshi, mwenye mchumba aliyekuwa akifanya kazi mbali. Alikuwa akikaa chini kwenye mkeka, kati ya magoti ya msusi, saa nyingi, kichwa kimeinama. Mwanamke akisukwa hana pa kukimbilia, basi husema. Msusi alijua kuhusu mchumba, alijua kuhusu baba mkali, alijua muuguzi huyo aliogopa nini na alitamani nini. Simu ya muuguzi ilikuwa ikichajiwa ukutani, na kwa kuwa shingo yake haikugeuka, alikuwa amemtajia msusi namba za kuifungulia. "Dada, ikilia nifungulie wewe." Alizitaja kwa sauti. Uani kulikuwa na watu, na fundi mwashi alikuwa amekaa kizingitini akila.

Siku hiyohiyo fundi alijaribu bahati yake. Alimwambia muuguzi kwamba mchumba wa mbali ni sawa na kivuli, heri wa karibu anayeshikika. Muuguzi hakuinua hata kichwa.

"Nawa kwanza saruji, fundi, ndipo ushikike."

Uani wakaangua kicheko. Bibi wa mkaa akapiga makofi. Dada mtu naye akacheka, kitana kikamtoka mkononi. Kilikuwa kicheko cha kawaida, cha kusahaulika kabla ya jua kuzama. Fundi akatabasamu, akaosha sahani yake, akasema anaingia ndani kupumzika. Chumba cha ndani ndicho kilichokuwa na ule ukuta wenye simu.

Baada ya hapo alimjia dada yake. "Ile laini yangu imepotea. Nisaidie tena."

"Wewe nawe, kichwa chako kitapotea lini?" Lakini alikwenda. Kidole kilikuwa chake, na mtoto alikuwa wake. Hakuuliza ilipotelea wapi.

Picha zilitoka asubuhi. Muuguzi alizipiga bafuni kwa ajili ya mchumba wake na macho ya mchumba peke yake. Namba ngeni ilizitupa kwanza kwenye kundi la wafanyakazi wa hospitali, kisha kwenye kundi la ukoo wao, ambamo baba yake alikuwamo, na wajomba, na watoto wa shangazi. Kufikia mchana zilikuwa zimezunguka mtaa mzima na kuingia uani mwao kwenye simu ya dobi, laini ya kidole cha msusi.

"Huyu si yule mteja wako?" dobi akauliza.

"Nione."

Tusimsingizie msusi usafi asiokuwa nao. Aliishika simu ile. Aliikuza picha kwa vidole viwili, ili aone vizuri. Akasema, "Masikini, na alivyokuwa akiringa," akamkabidhi bibi wa mkaa, bibi naye akampa jirani aliyekuja kuchota maji. Mtu mmoja tu uani hakuomba kuona. Fundi mwashi alikuwa akifunga viatu, akavifungua, akavifunga tena. Dada aliliona hilo. Likampita moyoni, akaliacha lipite.

Yaliyompata muuguzi yanasemeka kwa ufupi, ingawa hayakuwa mafupi kwake. Mchumba alimwandikia neno moja, kisha akamfungia asimpigie tena. Wagonjwa wanaume walimwita kitandani wakimtajia picha ile. Hospitali ikamwambia apumzike nyumbani mpaka mambo yatulie, na nyumbani baba yake alikuwa ameshahamishia masanduku yake nje ya mlango. Alikwenda kituo cha polisi akiwa na nywele zilezile alizosukwa na msusi, na akaitoa ile namba.

Askari walimkuta msusi kazini, na mteja kichwa nusu.

"Laini hii ni yako?" mpelelezi akamsomea namba.

"Si yangu. Hiyo ni ya..." Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye jina, akauvuta ukarudi.

"Ni ya nani?"

"Siijui."

"Kidole chako kinaijua. Vaa viatu."

Alidhani atarudi kabla mteja hajachoka kusubiri. Mwishowe mteja alifumua nusu ile mwenyewe, akaenda kwa msusi mwingine.

Mdogo wake alikuja kumwona rumande. Alisimama nyuma ya nondo akilia kwelikweli, maana machozi ya uongo hayamtoki mtu puani.

"Ni wewe?" dada akamuuliza.

"Hasira, dada. Walinicheka wote. Hata wewe ulinicheka."

"Basi nenda kawaambie."

"Nitawaambia. Nipe siku kidogo tu. Kuna msichana, ana mimba yangu, kwao wanakuja kuzungumza. Wakisikia hili watampeleka kwingine. Nipe siku kidogo, dada, usinitaje."

Akampa. Kila alipohojiwa alisema hajui, hakumbuki, huenda laini iliibwa. Wakili aliyepewa na mahakama alimwambia kwamba kila siku anayokaa kimya ni tofali analojijengea. Naye akamjibu kwamba mdogo wake atakuja. Siku kidogo zikawa nyingi. Posa ikapokelewa, msichana akaletwa, na fundi hakuonekana tena kwenye nondo.

Ndipo siku ya kesi, pale kizimbani, msusi alipomtaja. Alisema yote: saruji, mashine, wakala, laini ya kwanza na ya pili, simu iliyokuwa ukutani. Alisema kwa aibu ya kumtoa mtoto aliyemlea.

"Mbona hukusema siku ya kwanza?" hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akamuuliza.

"Ni mdogo wangu, mheshimiwa."

"Na leo si mdogo wako?"

Fundi akaitwa. Alikuja amevaa shati jeupe, lililopigwa pasi na mke mpya. Hakumtazama dada yake. Alisema yeye hana laini hata moja, hajawahi kuwa nayo, na akitaka kuongea na mtu huomba simu ya jirani. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele ya hakimu.

"Nipimeni. Mashine hainisomi. Laini ningeipata wapi?"

Wakaleta mashine. Akaweka kidole, ikakoroma. Akaweka vyote, ikakoroma mara zote, na ukumbini mtu mmoja akacheka. Vidole vile ambavyo dada yake alivionea huruma mpaka akamwazimia vyake, leo vilimsafisha. Mahakama haikuwa na mstari hata mmoja wa kumshikia.

Wakala wa laini aliapa kwamba yeye humsajili anayeweka kidole, na aliyeweka kidole ni huyu mama. Angesema nini kingine? Mkate wake ulikuwa chini ya ule mwavuli. Dobi alisema hana simu, yeye huita watu kwa mdomo. Laini yake ilikuwa imelala chooni tangu siku askari walipokuja. Bibi wa mkaa alisema masikio yamemziba, haelewi anachoulizwa. Kukiri kwamba msusi aliazima kidole kulikuwa kukiri kwamba wao nao waliazimwa, na hilo nalo lilikuwa na kifungo chake. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, na sasa kila mmoja alikuwa na chawa wake wa kuficha.

Mzee karani peke yake alikuja kwa hiari yake. Msusi alipomwona akiingia, suruali imenyooka, akashusha pumzi. Mzee yule hakuwa mwongo.

"Ni kweli," mzee akasema. "Mama huyu aliwawekea watu vidole. Nyumba nzima inajua. Na mdogo wake alikuwa wa kwanza."

Wakili akasimama nusu, uso umemng'aa. Lakini hakimu alikuwa bado hajamaliza.

"Mama huyu alijua hatari yake?"

Mzee akanyoosha mkunjo wa suruali. Alikuwa ameishi ndani ya vyumba vya mahakama maisha yake yote ya kazi, na hakujua kusema nusu ya ukweli. "Nilimwonya mwenyewe, mheshimiwa. Nilimwambia kidole hakiazimwi."

"Akajibuje?"

"Alifanya mzaha. Alisema kidole chake anarudi nacho mwenyewe."

Hakimu akaandika kwa muda. Kama aliazima akijua, alisema, basi ni kosa lake. Na kama hakuazima, basi picha alizituma yeye. Kwa njia yoyote kidole ni kimoja, na sheria inayomuuliza mwenye kidole imewekwa ili kila anayeumizwa kwa simu apate mtu wa kumuuliza. Wakili akabisha kwamba mtu haadhibiwi kwa dhambi ya mkono mwingine. Wakavutana, vifungu vikasomwa, watu wakapiga miayo. Kabla ya hukumu mahakama ikapumzika.

Kwenye ujia, chini ya ulinzi wa askari mmoja, msusi akajikuta benchi moja na muuguzi. Muuguzi alikuwa amenyoa kichwa chote.

"Nilikukosea nini?" muuguzi akauliza. "Nilikaa kati ya magoti yako."

"Si mimi, binti. Naapa. Ni yule fundi."

"Huenda." Muuguzi alimtazama muda mrefu. "Nikuulize. Picha ziliingia kwenu?"

"Ziliingia."

"Uliziona?"

Msusi angeweza kudanganya, na hakuna mashine ambayo ingemkamata. "Niliziona."

"Ulizifanyaje?"

"Nilimpa jirani simu."

"Hukumwambia afute?"

"Sikumwambia."

"Hukunipigia? Namba yangu unayo."

Msusi akavitazama vidole vyake.

"Basi sikiliza, dada," muuguzi akasema, na alisema bila kelele, kama anavyomweleza mgonjwa dawa zake. "Pengine ni kweli unayosema. Lakini mdogo wako hana kidole, na wale wote walionitazama hawana majina. Mwenye kidole na jina ni wewe. Mimi nataka mtu aumie. Umebaki wewe."

Akainuka, akaenda kukaa benchi la mbali.

Msusi alifungwa. Kifungo chake kilitosha mtoto kuzaliwa, kutambaa na kuanza kutumwa dukani. Gerezani walimuuliza anajua kazi gani, akasema kusuka. Wakacheka, wakampeleka kwenye kufua. Gereza lilifua mashuka ya hospitali kubwa, ileile, kwenye mabeseni ya zege, kwa magadi makali yaliyochoma pua. Mwanzoni ngozi ya vidole ilichubuka. Kisha ikapona, ikachubuka tena, mpaka ikaacha kujisumbua kupona. Mdogo wake hakuja. Alituma salamu mara moja, kupitia kwa mtu, kwamba mtoto ni wa kiume.

Alipotoka alirudi kwenye ua uleule, maana hakuwa na pengine. Chumbani mwake alikuwa akiishi mdogo wake na mkewe. Wakamtandikia mkeka karibu na mlango. Fundi alizungumza naye kwa heshima ya mbali, kama mgeni wa jirani, na habari ya kesi hakuitaja. Mke hakujua, au alijua kile alichoambiwa. Mteja mmoja wa zamani akamhurumia, akaja kusukwa. Msusi akashika nywele, zikateleza. Akashika tena, zikateleza. Ncha za vidole zilikuwa zimekuwa laini kama kauri, haziwezi kukamata unywele. Mteja akasema si neno, atarudi siku nyingine.

Labda kupaka mafuta na kuosha nywele angeweza, akafikiri, nyumba kwa nyumba, wakimpigia simu. Alihitaji laini. Wakaenda pamoja kwa wakala: yeye, mdogo wake aliyekuwa akielekea kazini, na mke wa mdogo wake aliyekuwa akienda sokoni. Dobi naye alikuwepo kwenye foleni.

Wakala hakumkumbuka, au alijifanya. Msusi akaweka kidole. Mashine ikakoroma. Akakifuta kwenye kanga, akakipuliza, akaweka kingine. Ikakoroma. Aliviweka vyote, polepole, na kwa kila kimoja alitulia kidogo, akisubiri taa ile ya kijani.

"Mama, huna vidole," wakala akasema. "Lete mtu mwenye vidole."

Dobi akatia mikono mfukoni. Waliokuwa nyuma ya dobi wakatazama kwingine. Mke wa mdogo wake, mtoto wa watu, hakujua lolote. Alikuwa na vidole vizuri, vya ujana, mistari yote ipo. Akaushusha mkono wake mezani.

"Wifi, mbona jambo dogo? Weka changu tu."

Fundi mwashi akamdaka kifundo cha mkono kabla kidole hakijagusa kioo. Alimshika kwa nguvu, mpaka mkewe akaguna.

"Dada, utanisamehe," akasema, akiitazama mashine, si dada yake. "Siku hizi sheria kali. Kidole hakiazimwi."

"Anayefuata," wakala akaita. Msusi akasogea pembeni kumpisha dobi.